Umeme Jua wa Magharibi na Lawama Anayobebeshwa Mwanakijiji

Tangu mwaka 2023, serikali iliposaini mkataba wa kujenga mtambo wa umeme jua Kishapu, mkoani Shinyanga, kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa, swali moja limevuka mpaka na kuingia Tabora, kisha likafuata reli hadi Kigoma: zamu yetu lini? Kishapu ni mradi wa megawati 150, wa kwanza wa ukubwa huo kupangwa kulisha Gridi ya Taifa kwa jua, na awamu yake ya kwanza ni megawati 50. Jua la Igunga na Nzega, wilaya za Tabora, halitofautiani na la Kishapu, mbuga ni zilezile, na njia ya umeme ya kilovolti 132 kutoka Shinyanga inapita Nzega kuelekea Tabora mjini. Swali ni halali kabisa. Kinachonisukuma kuandika ni jibu linalotolewa.

Jibu hilo, ulisikie kwenye semina ya uwekezaji au kwenye kijiwe cha kahawa Ujiji, huwa ni lilelile: jua lipo, ardhi ipo, wenye fedha wapo, kinachokwamisha ni ngazi ya chini. Mikutano ya kijiji haiishi, halmashauri ina tozo zake, diwani ana yake, na wananchi wanadai fidia ya kila mti. Baada ya maelezo hayo pendekezo linalofuata halishangazi: mamlaka ya kijiji yapunguzwe na maamuzi yapelekwe juu, ambako yatafanyika haraka. Hoja yangu ni kinyume chake. Katika safari nzima ya mradi wa umeme jua, tangu kupima mionzi hadi uniti ya kwanza kuingia kwenye gridi, haki ya kijiji juu ya ardhi yake ndiyo sehemu inayotabirika kuliko nyingine zote. Kinachowatia hofu wenye mitaji ni maamuzi ya kitaifa kuhusu bei, gridi na mikataba, ambayo yamekuwa yakigeuka mradi ukiwa njiani. Kukiondoa kijiji mezani hakutapunguza hatari hiyo hata kidogo, na kutaongeza nyingine.

Inafaa kukumbuka umeme ulivyofika huku kwetu. Kwa miaka mingi Kigoma, Kasulu na Kibondo ziliishi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, mafuta yakisafirishwa mamia ya kilomita ili yageuzwe umeme unaouzwa kwa bei ileile ya Dar es Salaam, yaani kwa hasara. Chini ya mkataba wa mwaka 2008 na mfuko wa Marekani wa Changamoto za Milenia, Kigoma iliahidiwa mtambo mdogo wa maji kwenye maporomoko ya Igamba, mto Malagarasi. Tathmini ya mazingira ilipobaini kuwa pale pana viumbe adimu, mpango ukaachwa na fedha zikaelekezwa kwenye paneli za jua kwa ajili ya shule za sekondari, zahanati, vituo vya afya na masoko ya vijijini. Baadaye Malagarasi ikarudi kwenye mipango, safari hii ukiwa ni mtambo wa megawati 49.5 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Gridi ilifika Kibondo na Kasulu mwaka 2022 na majenereta yakazimwa. Njia ya kilovolti 400 yenye urefu wa kilomita 280 ikapangwa kutoka Nyakanazi hadi Kidahwe, karibu na mji wa Kigoma, na nyingine ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Urambo na Nguruka. Kwa hiyo, ndani ya miaka isiyozidi ishirini, mkoa mmoja umeambiwa utapata umeme wa maji, kisha wa jua, kisha wa gridi, kisha wa maji tena. Mtu aliyeweka fedha zake kwa kuamini tangazo la kwanza angeweza kuzipoteza kabla hajaonana na mwenyekiti wa kijiji hata mmoja.

Wapo wanaosema mjadala wote huu umepitwa na wakati, kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo 9 ya megawati 235, jumla megawati 2,115, limekamilika. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Mkataba wa kuuziana umeme mara nyingi humlazimu mnunuzi kulipia hata umeme asioutumia, na TANESCO ikijifunga kununua umeme wa jua saa za mchana wakati ina ziada ya maji, mteja ndiye atakayelipa mara mbili. Jua nalo huzama wakati ambapo matumizi ya nyumbani yanaanza kupanda. Lakini Machi 2025, serikali ilipoeleza sababu ya kanda ya kaskazini kununua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya, ilisema yenyewe kwamba upotevu kwenye njia ndefu ya kuufikisha umeme kaskazini unaigharimu nchi takribani shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Mitandaoni kauli ile iligeuzwa kichekesho: tuna ziada, halafu tunanunua nje. Nilivyoielewa mimi, ilikuwa kauli ya ukweli kuhusu umbali. Bwawa liko Rufiji, na Kidahwe iko mwisho wa nyaya upande wa pili wa nchi. Megawati inayozalishwa Nzega, au Uvinza mkoani Kigoma, haihitaji safari hiyo, na kila saa ambayo jua linalisha Tabora ni saa ambayo maji yanabaki bwawani kwa ajili ya saa 2 usiku. Zaidi ya hapo, Mei hadi Oktoba, mito inapopungua, ndipo anga la Tabora linapokuwa wazi kuliko wakati wowote. Ziada nayo haitadumu, ikiwa lengo lililotangazwa Dar es Salaam Januari 2025 la kuunganisha kaya milioni 8.3 ifikapo 2030 linamaanisha kile kinachosemwa, na ikiwa treni ya umeme itafika Tabora na Kigoma kama ilivyopangwa.

Sasa tuje kwenye ardhi, ambako lawama nyingi zinaelekezwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani ile isiyo tena chini ya kijiji bali chini ya serikali kuu, na ikiwa eneo lenyewe halifiki hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha au kukataa, baada ya kupokea mapendekezo ya halmashauri ya kijiji. Eneo likizidi hapo, wananchi hutoa maoni na Waziri ndiye anayeamua. Wachache wanaozungumzia umeme jua wamekaa chini wakalinganisha kipimo hicho na mahitaji ya paneli. Mtambo wa kawaida wa jua huchukua ekari nne hadi tano kwa kila megawati; megawati 50 ni ekari 200 hadi 250, ambazo ni hekta 80 hadi 100. Hata mtambo wa megawati 100 unaweza kuenea ndani ya hekta 250. Maana yake ni kwamba karibu kila mradi wa jua unaoweza kufikiriwa kwa Tabora na Kigoma kwa sasa unaangukia upande ambao neno la mwisho la kukataa ni la mkutano mkuu. Hapa ndipo watu wa haraka wanapopata hofu, na ndipo mimi ninapopata matumaini, kwa sababu hatua hiyo ina sheria iliyoandikwa, ina kikao kinachojulikana, ina muhtasari unaosainiwa, na kanuni yake ya msingi haijaguswa kwa zaidi ya robo karne. Nionyesheni hatua nyingine katika sekta ya nishati nchini yenye sifa hizo.

Tatizo la kweli kwenye ardhi ni ramani inayofika kijijini ikiwa tayari imeamua. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha kijiji kimoja cha upande wa Igunga ambako wataalamu walitandika ramani juu ya dawati la shule na kuonyesha eneo tambarare, lisilo na nyumba wala mazao, lililoandikwa kuwa ni pori. Mzee mmoja aliinuka, akaweka kidole juu ya eneo hilo, akauliza ng'ombe wa kijiji watakula wapi mwezi wa tisa. Lilikuwa ni ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yaokoe mifugo kiangazi, utaratibu wa Wasukuma na Wanyamwezi wa miaka na miaka. Mtaalamu wa umeme hutafuta ardhi tambarare, isiyo na miti mikubwa, isiyofurika maji na iliyo karibu na njia ya umeme. Mfugaji naye, ukiacha hiyo njia ya umeme, hutafuta karibu vitu hivyohivyo. Ardhi hiyo kwenye picha ya setilaiti ya mwezi Septemba huonekana tupu, na utupu huo ndio unaoandikwa kwenye andiko la mradi. Mkutano mkuu wa kijiji ndio mahali pekee ambapo kosa hilo linaweza kugunduliwa kabla uzio haujajengwa, na kulisahihisha wakati huo ni rahisi kuliko kulisahihisha ng'ombe wakishaanza kuvunja waya.

Tabora ina uzoefu wa karibu wa kile kinachotokea pale ardhi inapochukuliwa kwa mradi mkubwa wa taifa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani, Tanga, linapita Nzega na Igunga. Reli ya kisasa nayo inapita mkoani. Katika miradi ya namna hiyo shauku ya wananchi haikuwa ndogo. Manung'uniko yalianza baada ya uthamini, katika kipindi kirefu cha kusubiri malipo ambapo mkulima hajui kama apande mazao ya kudumu au aache. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inalitambua tatizo hilo, ndiyo maana inataka malipo yaliyochelewa yaambatane na riba. Anayedai kuwa mwanakijiji ndiye anayechelewesha miradi angepaswa kwanza kupima muda uliotumika kwenye mkutano wa kijiji na ule uliotumika kusubiri hundi.

Hoja nzito zaidi dhidi ya msimamo wangu ni hii: mkutano mkuu wa kijiji si malaika. Muhtasari unaweza kuandikwa ofisini na mahudhurio yakajazwa majina ya watu ambao hawakuwepo. Mwenyekiti na mtendaji wanaweza kuuza eneo kwa mtu wa mjini aliyesikia fununu za mradi, ili yeye ndiye alipwe fidia. Wanawake na wafugaji wanaohamahama huweza kukaa kikao kizima bila kuulizwa neno. Yote haya hutokea, na hakuna anayeijua Tabora atakayeyakana. Lakini tazama dawa yake. Kuhamisha uamuzi kwenda wilayani au wizarani hakumwondoi mjanja. Humpunguzia tu idadi ya watu anaopaswa kuwaridhisha. Dawa ni mpango wa matumizi bora ya ardhi uliopitishwa na kusajiliwa kabla mwekezaji hajatajwa, kama Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inavyoelekeza, na muhtasari unaobandikwa ubaoni ili aliyeandikwa kuwa alihudhuria aweze kusema hakuwepo.

Kuna hoja nyingine ambayo sioni sababu ya kuiheshimu sana, ingawa husemwa kwa sauti ya upole: kwamba wananchi hawaelewi umeme jua, kwa hiyo wapewe elimu. Nenda kijiji chochote cha Kaliua au Uvinza uangalie mapaa. Muda mrefu kabla ya nguzo ya Wakala wa Nishati Vijijini kufika, mkulima wa tumbaku alikuwa na paneli juu ya bati, betri chini ya kitanda na nyaya mbili za taa na redio. Kijana wa senta alikuwa akichaji simu za watu kwa malipo. Na muuza duka alikwishajua kutofautisha paneli nzima na ile ya bandia kwa kuishika tu. Watu hawa wamenunua teknolojia hiyo kwa fedha zao, wameitengeneza wenyewe ilipoharibika, na wanajua betri hudumu misimu mingapi. Wanachouliza mkutanoni ni mambo ya mkataba: nani atamiliki ardhi miaka 25 ikiisha, nani ataajiriwa, kwa nini nyaya zitapita juu ya nyumba zao bila kushuka. Kuyaita maswali hayo upungufu wa elimu ni kukwepa kuyajibu.

Turudi basi kwenye ngazi ambayo haitajwi. Mfumo wa miradi midogo ya umeme, ulioanza kujengwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, baada ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, ulisifiwa barani Afrika kwa urahisi wake: mtambo usiofika megawati moja ulisajiliwa bila leseni, na kampuni zilijenga mitandao midogo ya jua vijijini na visiwani zikiruhusiwa kutoza bei inayolingana na gharama. Mwaka 2020 ikaja amri ya Wizara ya Nishati kwamba bei ya vijijini iwe shilingi 100 kwa uniti, sawa na ile ya mteja mdogo wa TANESCO. Kwa upande wa haki, amri ile ilikuwa na msingi. Hakuna maelezo ya kimaadili ya kumfanya mvuvi wa Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria, alipe mara nyingi zaidi ya mkazi wa Masaki, mtaa wa wenye nazo Dar es Salaam, kwa uniti ileile, na mwanasiasa aliyesimama jukwaani kulisema hilo alistahili makofi. Kasoro ni kwamba TANESCO inaweza kuuza kwa shilingi 100 kwa sababu wateja wake wakubwa, viwanda na migodi, humbebea mteja mdogo sehemu ya gharama. Kampuni yenye kijiji kimoja haina mgodi wa kuibebea. Bei ilishushwa bila kusema nani atajaza pengo. Waliokuwa na mipango ya kujenga mitandao mipya wakasimama, na hakuna mkutano wa kijiji uliohusika.

Pengo hilo lingeweza kujazwa. Kila anayenunua umeme kwa LUKU, mita ya kulipa kabla ya kutumia, ukisoma risiti yake, anakatwa asilimia 3 ya nishati vijijini. Fedha hiyo imefanya kazi kubwa: vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimelengwa na karibu vyote kufikiwa, na kazi iliyobaki ni ya vitongoji, ambavyo kwa jumla, pamoja na vilivyokwisha kuunganishwa, ni zaidi ya 64,000. Kwa vitongoji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Uvinza, ambako milima inaingia ziwani na nguzo hazina pa kupita, mtandao mdogo wa jua unaofidiwa tofauti ya bei ungekuwa nafuu kuliko kilomita za nyaya. Kinachohitajika ni tamko linalodumu zaidi ya waziri aliyelitoa.

Kwa mitambo mikubwa inayouza kwenye gridi, hali ya kisiasa ina kumbukumbu nyingine. Watanzania hawajasahau kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, iliyomng'oa Waziri Mkuu mwaka 2008, wala ile ya fedha za umeme za akaunti ya Escrow ya Tegeta, iliyotikisa Bunge mwaka 2014. Kwa hiyo kila mkataba wa kampuni binafsi kuiuzia TANESCO umeme huanza ukiwa mshitakiwa. Tahadhari hiyo ni afya. Imetufundisha kutaka zabuni za ushindani, na kwa umeme wa jua na upepo kanuni za mwaka 2015 ziliweka ushindani badala ya bei ya kupangiwa. Lakini matokeo yake mengine ni kwamba afisa mwenye kalamu huona usalama wake uko katika kutosaini. Kishapu ilipita kwa sababu ni mali ya umma iliyojengwa kwa mkopo wa serikali. Njia hiyo ni nzuri, ila ina kikomo: deni la taifa haliwezi kubeba kila paneli ya Igunga.

Kama nilivyosema, kijiji si kikwazo. Lakini kinaweza kuwa kikwazo kikiendelea kupata kile kinachopata sasa. Tupige hesabu. Chukulia mtambo wa megawati 50 unaozalisha kwa wastani asilimia 20 ya uwezo wake. Kwa mwaka ni takribani uniti milioni 87.6. Chukulia unauza uniti moja kwa shilingi 150. Mapato ni kama shilingi bilioni 13. Kwa kiwango cha asilimia 0.3 ya mapato, kilichotumika kwa miaka mingi, ushuru wa huduma chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa unakuwa shilingi milioni 39 na ushee. Fedha hiyo inaingia halmashauri ya wilaya, na kijiji kilichotoa malisho yake kinasubiri mgawo. Ajira nazo, baada ya miezi ya ujenzi kuisha, ni za walinzi, wakata nyasi na waosha paneli. Diwani anayepinga mradi kwa hesabu hiyo si lazima awe mchochezi. Huenda amepiga hesabu tu.

Ndiyo maana suala la miliki ni zito kuliko la fidia. Ardhi ikishahamishwa kuwa ya jumla, mradi ukifa haimrudii mwanakijiji yenyewe. Inabaki huko juu. Sheria hiyohiyo ya mwaka 1999 ina njia nyingine, ya kijiji kutoa haki ya upangaji bila kuachia miliki, ingawa eneo na muda vikiongezeka idhini zinapanda hadi kwa Kamishna wa Ardhi. Benki hazipendi njia hiyo. Zinataka hati ya kuweka rehani, na mwekezaji wa nje kwa kawaida hupata ardhi kupitia mamlaka ya uwekezaji. Ugumu huo ni wa kweli, lakini unaweza kushughulikiwa ikiwa TANESCO au halmashauri itakuwa mpangaji mkuu na kodi ya kila mwaka ikalipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kijiji, kwa kiwango kinachopanda kadiri bei ya umeme inavyopanda.

Mkataba wa miaka 25 unapita juu ya chaguzi tano za serikali za mitaa. Viongozi waliochaguliwa Novemba 2024 watakuwa wameondoka muda mrefu kabla paneli hazijachakaa, na watakaokuwepo watauliza ziko wapi nyaraka. Mkataba uwe kwa Kiswahili, nakala iwe ofisi ya kijiji na wilayani, na fedha ya kung'oa paneli na kusafisha eneo iwekwe mapema, si kuahidiwa. Igunga, Nzega, Uyui, Urambo na Uvinza hazihitaji kusubiri serikali kuu Dodoma ili zianze: maeneo yaliyo karibu na vituo vya kupoza umeme, kama Lusu na Nguruka, yanaweza kupimwa sasa, ngitili zikatengwa na mapito ya mifugo yakachorwa, kisha vijiji vyenyewe vikaamua ni ekari ngapi viko tayari kupangisha na kwa kodi gani, kabla hata zabuni ya kwanza haijatangazwa.